Stempu Tano na Jiwe Moja

Kwa siku kumi na tisa, mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Morogoro, Dominiko alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote mjini. Tatizo ni kwamba aliyekuwa na habari hiyo ni yeye peke yake.

Alikuwa karani mchoraji katika ofisi ya misitu ya Wadachi. Kusema kweli, kazi yenyewe ilikuwa kunakili ramani: anatandika karatasi nyembamba juu ya ramani ya Bwana, anafuata vijito kwa kalamu mpaka macho yamwume, basi. Lakini ungemwuliza yeye, angekwambia ni msanii. Alipokuwa misheni kule Mgeta alimchora Mtakatifu Yosefu ukutani, na padre mmoja akasema ndevu zimekaa vizuri. Habari za ndevu hizo alikuwa ameshawasimulia watu wasiopungua mia mbili, wengine wakiwa na haraka zao.

Bwana wake aliitwa Bwana Miti, na jina hilo alipewa na wapagazi. Alikuwa Mdachi mrefu, mwekundu wa shingo, aliyeipenda miti kuliko alivyowapenda watu, na wala hakuona sababu ya kuficha. Asubuhi moja alimwita Dominiko akamwekea stempu mezani.

"Nini hii?"

"Meli, Bwana."

"Wewe umepata kuona meli Morogoro?"

"La, Bwana."

"Na mimi sijaona."

Ndivyo zilivyokuwa stempu zote za nchi hii enzi hizo, meli ileile ya Kaizari kwenye kila bei, rangi tu zikibadilika. Bwana Miti alikuwa na wazo lake. Angeandika barua Berlin kuomba stempu mpya tano zenye milima ya Uluguru, kila moja na somo lake. Msitu wenye ukungu, kijito kinachotoka ndani yake, mtu anapanda mche, halafu mto uliokauka. Ya tano, ambayo ndiyo iliyomtoa jasho la furaha alipoieleza, ingekuwa mteremko uliochomwa moto na wakulima.

"Kila barua itafundisha," alisema. "Watu wataona, wataacha kuchoma. Wewe utachora."

Dominiko alijua papo hapo kuwa wanaochoma mashamba hawaandikiani barua, na wanaoandikiana barua hawana mashamba ya kuchoma. Alilijua, akalimeza. Mtu akishaambiwa kwamba picha zake zitafika Berlin, hawi na haraka ya kutafuta kasoro za mpango.

Aliyezitafuta kwa niaba yake ni Salum, karani wa posta, mtu wa Bagamoyo, ambaye hakuwa na kazi ya kutosha ya kumfunga mdomo.

"Kwa hiyo mjomba wako kule mlimani atapata barua, ataiona stempu, atazima moto?"

"Ndiyo maana yake."

"Atatumiwa na nani hiyo barua?"

Dominiko alisema maendeleo hayaji kwa siku moja.

"Sawa. Lakini ujue picha yako kabla haijamfundisha mtu, mimi nitakuwa nimeshaigonga muhuri usoni. Na kabla yangu mimi, mtu atakuwa ameilamba mgongoni." Salum alinyoosha kidole kuelekea stesheni, kwenye kuni za gari la moshi zilizorundikwa mpaka zikapita paa la ghala. "Na zile je, zitakuwa kwenye stempu ya ngapi?"

"Stempu ni ndogo," alijibu Dominiko, akaondoka kwa mwendo wa msanii.

Picha nne za kwanza zilikwenda vizuri. Kwenye ya kijito alificha herufi ya kwanza ya jina lake ndani ya povu la maji, ili wajukuu wa Wadachi waje waigundue. Ya tano ikamsumbua. Alichora moto mara tatu, na mara tatu Bwana Miti akaisukuma karatasi. "Hii ni hadithi. Mimi nataka mteremko wa kweli. Lazima mtu aone, aseme, mahali hapa papo kweli."

Mteremko wa kweli Dominiko alikuwa nao. Angeweza kuuchora akiwa amefumba macho, na mambo yalivyokuja kuwa, afadhali angeyafumba.

Ulikuwa mteremko wa mjomba wake, Mzee Kibwana, kule Mgeta. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi unayolima unakatiwa na mjomba. Mama yake Dominiko alilima pale mpaka alipokufa, na sehemu yake ilikuwa ikimngoja Dominiko siku atakapochoka na mjini. Kila mwaka kabla ya mvua Mzee Kibwana alifyeka majani, akayaacha yakauke, akangoja siku isiyo na upepo hata wa kuyumbisha jani la mgomba, ndipo akawasha, ukoo mzima umesimama kuzunguka shamba na matawi mabichi mkononi. Moto wake haukupata kuruka mpaka.

Juu ya shamba palikuwa na jiwe. Lilikuwa na vichwa vitatu, cha kati kimeinama kidogo kama bibi anayesikiliza wajukuu. Hapo ndipo ukoo ulipomimina pombe baada ya mavuno na kutaja majina ya wazee wao. Nyuma ya jiwe palikuwa na kichaka kikubwa cha miti ambamo hakuna aliyekata hata fimbo, tangu enzi ambazo Mzee Kibwana mwenyewe alihadithiwa tu. Kichaka hicho kilihifadhiwa kabla Bwana Miti hajazaliwa, na hakuna aliyekitengenezea stempu.

Basi Dominiko akaketi, akauchora mteremko. Majani yaliyoungua, visiki, moshi. Moshi aliuongeza, maana ulitoka vizuri. Kichaka alikitoa chote, kwa sababu miti mibichi pale nyuma ilikuwa inaharibu somo. Lakini jiwe hakuweza kuliacha. Alilichora ufa kwa ufa, na alipomaliza kile kichwa cha kati alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, akajipenda.

Kuna jambo moja la kusema hapa. Mzee Kibwana hakupata kumsifu kwa kuchora, hata siku moja. Dominiko alipokuwa na miaka saba alichora mlima kwa mkaa juu ya ubao, akampelekea. Mjomba aliutazama ubao. "Mlima upo," alisema. "Ukitaka kuuona, geuza shingo." Tangu siku hiyo, kila alichokichora Dominiko, pamoja na ndevu za Mtakatifu Yosefu, alikuwa anamchorea mtu mmoja aliyekataa kutazama.

Jumanne asubuhi alimpelekea Bwana Miti picha ya tano. Bwana Miti aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Dominiko," alisema, "hii ndiyo bora kuliko zote. Wewe una mkono."

Dominiko aliinamisha kichwa, kama alivyojizoeza nyumbani.

"Jiwe kama hili mtu habuni," akaendelea Bwana Miti. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mteremko huu upo. Upo wapi?"

Dominiko alizungusha mkono kwa namna iliyoenea milima yote ya Uluguru na sehemu ya Ukaguru. "Huko juu, Bwana."

"Si kitu. Jiwe litanionyesha. Ijumaa nitapanda njia ya Mgeta na darubini na picha hii. Mahali hapa nitapaweka ndani ya mpaka wa msitu wa serikali. Watu watashuka bondeni. Iwe mfano kwa wengine."

Dominiko alitoka ofisini. Alikuwa ameuza shamba la mama yake kwa neno moja la sifa, na neno lenyewe alikuwa bado analionja. Hilo ndilo lililomtia aibu zaidi, kwamba hata pale nje, jasho likimtoka, sehemu fulani ya kichwa chake ilikuwa inarudia: wewe una mkono.

Alikimbilia sokoni. Paskalia, dada yake wa upande wa mama mdogo, alikuwa ameketi na maharage yake.

"Mwambie mjomba Bwana Miti anapanda Ijumaa. Ana picha ya jiwe. Akiliona jiwe, shamba limekwenda."

"Picha ya jiwe kaipata wapi?"

"Nimeichora mimi."

Paskalia alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Ukiwa na akili zako?"

Hakungoja jibu. Alifunga maharage yaliyobaki, akajitwika, akashika njia.

Jumatano asubuhi Dominiko aliingia kwa Bwana Miti akiwa ameshapata hila. Ilikuwa hila moja tu, na ilimgharimu kitu pekee alichokuwa nacho.

"Bwana, mteremko ule haupo. Nimeubuni."

"Uongo. Jiwe hili habuni mtu."

"Nimelinakili, Bwana. Kwenye kitabu cha misheni. Nimeweka karatasi juu ya picha, nikafuata. Na zile nyingine nne pia. Mimi sijui kuchora, Bwana. Najua kufuata mistari tu."

Bwana Miti alimkazia macho. Kisha akasukuma karatasi na kalamu mezani, akaonyesha dirisha, na ndani ya dirisha mlima wote ulikuwa umekaa, bila wingu hata moja. "Chora ule."

Watu hudhani kuchora vibaya ni rahisi. Dominiko naye alidhani hivyo. Alishika kalamu, na mkono wake, ule mkono uliosifiwa jana, ukaanza kuchora ukingo wa mlima sawasawa kama ulivyo. Ikabidi aupige marufuku. Alikiweka kilele mahali pa bonde. Alichora mti, ukatoka mzuri, akauongezea matawi mpaka ukaharibika. Alipofika kwenye mawingu alijisahau, akachora wingu moja safi sana, na ilimbidi alizungushie miguu. Jasho lilikuwa linadondokea karatasi, akaliacha lidondoke, maana lilisaidia.

Bwana Miti aliitazama karatasi, akatazama dirisha.

"Hii nini?"

"Mti, Bwana."

"Huyu ni kuku." Akaweka kidole juu ya wingu. "Na huyu?"

Bwana Miti alimwita mwenzake wa chumba cha pili, naye akaja, akaona, akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini Bwana Miti mwenyewe hakucheka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa barua ndefu.

"Nimeshaandika Berlin," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeandika, hapa kuna kijana Mluguru, ana jicho, ana mkono. Kurasa mbili juu yako." Akaichana. "Umenidanganya mara tano."

Dominiko alitaka kusema hapana Bwana, ni mara moja tu, na ni sasa hivi. Bwana Miti alizichukua picha zote tano, akatoka nazo uani, akazitia kiberiti, yeye aliyetaka kuhamisha watu kwa ajili ya moto. Upepo ulikuwa unavuma na majivu yakaruka mpaka juu ya paa. Aliporudi alisema safari ya Ijumaa haipo, hawezi kutembea siku mbili kutafuta picha ya kitabuni. Dominiko hatakuwa karani tena. Atapewa ndoo ya chokaa na brashi, awafuate wapima ardhi, apake mawe ya mpaka. "Kule," alisema, "hakuna haja ya kujua kuchora."

Hapo shamba lilikuwa limepona. Mtu mwenye akili timamu angeruka, angecheza, angetafuta mtu wa kumtuma mlimani mbio. Dominiko alikwenda chumbani kwake, akalala kitandani, akageukia ukuta, akaanza kuomboleza kifo cha msanii.

Aliomboleza vizuri. Alijiona ndani ya jeneza, na padre anazitaja ndevu mbele ya watu wote, na Salum analia kwa majuto. Alikuwa amefika mahali ambapo Kaizari mwenyewe anauliza ni nani aliyechora jiwe lile, hodi ikapigwa. Alikuwa Kristina, jirani wa mjomba, anapanda nyumbani na kikapu kitupu. Watu wa Mgeta wana desturi: hakuna anayepanda kutoka mjini bila kupita kwenye mlango wa kila mtu wa kwao na kuuliza kama kuna salamu.

"Napanda, Dominiko. Una neno la nyumbani?"

"Sina."

"Hata kwa mjomba wako?"

"Nimeshasema sina," alijibu Dominiko ukutani, akarudi kwa Kaizari.

Zikapita wiki mbili. Mjini habari zilienea kwamba Dominiko hajui kuchora, na kwamba hata ndevu zile huenda alizinakili. Salum alizisambaza bila chuki, kama anavyosambaza barua. Kila stempu aliyoigonga muhuri ilikuwa na meli palepale.

Dominiko alipanda milima na ndoo yake, anapaka chokaa jiwe baada ya jiwe. Siku ya tano ya kazi hiyo mpaka ulipita juu kabisa, mbali na shamba la mjomba, na hapo moyo wake ukaanza kuchangamka. Shamba lilikuwa salama, na aliyeliokoa ni yeye. Mjomba hajui bado, atamweleza. Alianza kupanga namna atakavyoeleza, sauti ya chini, bila majivuno, aache mjomba mwenyewe aone ukubwa wa jambo. Aliwaomba ruhusa wapima ardhi, akashuka na ndoo. Alipofika kwenye kona ya mwisho ya njia aliinua macho kulitafuta jiwe.

Halikuwepo. Palikuwa na kisiki cha jiwe, cheupe kwa upya, na vipande vimeporomokea chini mpaka kwenye maharage.

Mzee Kibwana alikuwa ameketi mlangoni pake anachambua mbegu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia siku hizi unapaka chokaa."

"Napaka. Mjomba, jiwe..."

"Tumelivunja." Alitupa mbegu mbovu. "Kwa moto na maji baridi, kisha nyundo. Wanaume tisa. Lilikuwa gumu."

"Kwa nini?"

Mzee Kibwana alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kwa nini mvua inalowesha. "Si wewe uliyetuma neno? Mdachi anakuja na picha. Umeichora wewe. Wewe tangu mtoto ukichora kitu hukosei hata ufa. Nilijua akisimama pale ng'ambo mara moja tu atalitambua. Ningekuwa na mpwa asiyejua kuchora, ningekaa hapa nikanywa uji wangu."

Dominiko aliweka ndoo chini. Alikuwa amelingoja neno hilo kwa miaka ishirini, na sasa limekuja hakujua alishike wapi.

"Mlilivunja lini, mjomba?"

"Ijumaa alfajiri. Tulibishana siku mbili. Jiwe lile si langu, ni la bibi zangu. Mimi nikasema tungoje, mtoto yuko palepale ofisini, huenda akatuma neno jingine. Alhamisi Kristina akafika. Tukamkimbilia sote." Akachukua mbegu nyingine, akaigeuza. "Akasema umesema huna neno."

Dominiko angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mlimani aliyejua. Lakini alikuwa ameshadanganya kiasi cha kumtosha maisha yote.

"Safari ilifutwa Jumatano, mjomba. Asubuhi. Nilimwambia Bwana Miti mimi sijui kuchora, akaamini. Kristina alipopita nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimelala. Nilikuwa najisikitikia jina langu."

Mikono ya Mzee Kibwana iliacha kuchambua. Kuku waliingia kwenye ungo wa mbegu wakala, na hakuna aliyewafukuza. Dominiko alitamani atukanwe. Kila tusi alilolijua alikuwa ameshajitayarishia mwenyewe, lingekuwa kazi ndogo tu ya kulirudia.

Hatimaye mjomba aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kipande cha mkaa wa jikoni. Akafunga mlango wa nyumba yake nyuma yake, ule mlango wa mbao aliouchonga yeye mwenyewe, akamnyooshea mkaa.

"Lichore."

"Mjomba?"

"Dada yako mdogo anajifungua mwezi ujao. Huyo atakayezaliwa ataliona wapi? Lichore hapo. Na kichaka, usikiache."

Dominiko alipiga magoti mbele ya mlango. Alianza na kichaka, mti kwa mti, kisha jiwe. Safari hii hakuwa anaulazimisha mkono. Alichora kichwa cha kushoto, cha kulia, halafu cha kati. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake, anasikika akipumua.

"Cha kati kiliinama zaidi."

Dominiko alifuta kwa kidole gumba, akakiinamisha.

"Zaidi kidogo."

Akafuta tena. Mjomba alikuwa na haki, na Dominiko aliona sasa kuwa hata kwenye ile picha ya Bwana Miti, ile bora kuliko zote, alikuwa amekikosea. Alikichora upya polepole, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na hakujali yakidondokea wapi.

Mzee Kibwana aligeuza shingo akatazama juu ya shamba, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kisha akaugeukia mlango, akautazama kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza.

"Hapo," alisema, akaenda kuleta pombe ya kumimina.